Tusingoje watoto wetu wazisikie siri za nyumbani mpakani

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuache kidogo habari za bei ya mchele, vitunguu na ushuru wa mizigo pale Rusumo. Tutayarudia hayo, kwa sababu ndiyo yanayotulisha. Leo nataka kuzungumzia kitabu, na kupitia kitabu hicho nizungumzie jambo lililomo karibu katika kila nyumba ya mtu aliyewahi kuvuka mpaka akiwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni.

Kitabu chenyewe ni riwaya iitwayo Jacaranda, iliyoandikwa na Gaël Faye na kutolewa nchini Ufaransa mwezi Agosti 2024. Novemba mwaka huo huo ilipata tuzo ya Renaudot, mojawapo ya tuzo kubwa za fasihi katika nchi hiyo. Tuzo hiyo hiyo alikuwa amekwisha kuipata Mnyarwanda mwenzetu, mama Scholastique Mukasonga, mwaka 2012 kwa riwaya yake Notre-Dame du Nil.

Faye si mgeni kwetu. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda aliyekuwa ukimbizini. Mwaka 1995, vita vilipopamba moto Burundi, akaondoka kwenda Ufaransa akiwa bado mtoto. Riwaya yake ya kwanza, Petit Pays, ilitoka mwaka 2016, ikatengenezewa filamu mwaka 2020, na imetafsiriwa pia kwa Kinyarwanda. Kwa hiyo tunapomsoma, tunamsoma mtu ambaye maisha ya ukimbizi na ya kurudi hakuyasikia kwa jirani.

Nitasema ukweli: mimi Kifaransa sikijui. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, nikasoma shule za Tanzania kwa Kiswahili na Kiingereza kidogo. Kitabu hiki kiliingia nyumbani kwangu kwa mkono wa binti yangu, ambaye ni mwalimu wa Kifaransa. Alikuja nacho wakati wa likizo, na kila jioni baada ya chakula akawa anatusomea kurasa chache, akizigeuza papo hapo kwa Kinyarwanda, na pale alipokwama akachukua Kiswahili. Mama yangu mzazi, ambaye sasa amepita miaka 80, alikuwa akikaa pembeni na ungo wake akichambua maharage. Tulidhani hasikilizi.

Kwa kifupi, hadithi inamhusu kijana Milan. Anakulia mji wa Versailles, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Mama huyo, Venancia, hasemi lolote kuhusu nchi yake, wazazi wake wala ndugu zake. Mwaka 1994 Milan anaiona Rwanda kwenye televisheni tu, kama mtu anavyotazama nchi isiyomhusu. Kisha siku moja nyumbani kwao analetwa mtoto wa rika lake, Claude, aliyetoka Rwanda akiwa na jeraha kichwani. Anakaa nao kwa muda, Milan anamzoea kama ndugu, na baadaye mtoto huyo anarudishwa alikotoka bila Milan kuelezwa sawasawa alikuwa nani na yaliyompata ni yapi.

Mwaka 1998 ndipo Milan anafika Rwanda kwa mara ya kwanza pamoja na mama yake. Kuanzia hapo anarudi tena na tena, na kila safari anaokota kipande kimoja cha historia ya ukoo wake. Kuna msichana aitwaye Stella, mwenye mti wake anaoupenda, mjakaranda ulio nyumbani kwao. Kuna bibi kizee Rosalie, aliyeishi miaka mingi kiasi cha kuweza kusimulia nchi hii ilivyokuwa kabla ya mipaka kuchorwa. Vizazi vinne vinakutana katika kitabu kimoja. Siri iliyo chini ya kivuli cha mjakaranda sitaimwaga hapa. Atakayesoma ataikuta mwenyewe, na nadhani ataweka kitabu chini kwa muda kabla ya kuendelea.

Sasa mtu atauliza: habari za kijana wa Versailles zinamhusu nini mama anayevusha ndizi na nyanya, au kijana wa bodaboda anayesubiri abiria kwenye stendi? Nionavyo mimi, zinamhusu sana.

Sisi tunaoishi huku mipakani ni watu wa kuondoka na kurudi. Wapo walioondoka kuanzia mwaka 1959 na miaka iliyofuata, wakatawanyika Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, watoto wao wakarudi baada ya Julai 1994 katika nchi waliyoijua kwa nyimbo na masimulizi tu. Wapo waliovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, wakati watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walipopita katika muda wa siku moja hivi na kujaza kambi ya Benaco kule Ngara. Wengi wao walirudi Desemba 1996 kwa barabara ile ile. Na wapo waliorudi mwaka 2013, walipoondolewa Tanzania baada ya kuishi huko miaka mingi, wengine wakiwa wameacha ng'ombe, mashamba, hata wake na waume upande wa pili.

Kila kundi kati ya haya lilirudi na mizigo yake, na si yote iliyoonekana na watu wa forodha. Mtoto akiuliza, "Baba, sisi tulitoka wapi hasa?" anaambiwa, "Tulitoka Tanzania." Akiuliza, "Na kabla ya hapo?" anaambiwa aende akachote maji. Akiuliza babu alikufaje, anajibiwa kwamba alikufa. Nyumba nyingi mazungumzo huishia hapo.

Sipendi kuwahukumu wazee. Wana hoja, na hoja zao ni nzito. Wanasema mtoto aliyezaliwa katika amani aachwe ale amani yake. Wanasema kidonda kikiguswa kila siku hakiponi. Kinyarwanda kina msemo kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni, na kweli baba zetu wengi waliishi hivyo hadi wakazikwa hivyo. Isitoshe, kule ukimbizini kunyamaza kulikuwa silaha. Aliyesema sana kuhusu alikotoka aliweza kunyimwa shamba, au mtoto wake kunyimwa nafasi shuleni. Watu walibadili majina, wakajifunza lafudhi ya wenyeji, wakazoea kujibu swali kwa swali. Tabia iliyokuokoa miaka 30 haiachwi kwa siku moja kwa sababu tu umevuka daraja.

Na walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 wana haki yao ya pekee. Mama aliyepoteza watoto wake wote hawezi kuamriwa na mtu yeyote, hata mwandishi wa safu ya gazeti, kwamba sasa saa ya kusema imefika. Kunyamaza kwake ndiko kulikompa nguvu ya kuamka asubuhi, kulima na kulea yatima wa wenzake. Riwaya ya Faye inalielewa jambo hili vizuri. Haimdhihaki Venancia wala haimfanyi mama mbaya. Inatuonyesha tu kwamba ukimya wake una gharama, na kwamba sehemu ya gharama hiyo inalipwa na mtoto.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Tunapozungumza kuhusu siri za familia huwa tunazitia zote katika gunia moja, na hilo ni kosa. Mfanyabiashara hachanganyi mchele na mahindi, kwa sababu bei zake ni tofauti. Na siri nazo zina aina zake.

Kuna siri ya aliyeumizwa. Hii ni mali yake. Ataitoa akitaka, kwa kiasi atakachotaka, kwa mtu atakayemchagua. Kazi yetu sisi watoto na wajukuu ni kuwa karibu, kuuliza kwa upole, na kutokasirika akikaa kimya.

Kuna siri ya aliyeumiza. Hii ni deni. Aliyeua, aliyeonyesha njia, aliyepora mabati ya jirani yake, akinyamaza anaendelea kuchukua kitu cha wenyewe. Mahakama za Gacaca zilianza mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005, na zilipofungwa Juni 2012 zilikuwa zimeshughulikia kesi zinazokaribia milioni 2. Zilikuwa na upungufu wake, na kila aliyewahi kukaa kwenye nyasi zile asubuhi nzima anajua hivyo. Lakini ni pale ambapo watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza ndugu zao walitupwa shimo gani, wakaweza kuwafukua na kuwazika kwa heshima. Kuna watu wanaojua hadi leo mahali ambapo mifupa ya jirani imelala, na wanaipita kila siku wakienda shambani. Siri kama hiyo haina ulinzi wa mila yoyote.

Na watoto wao nao wanadanganywa. Nawajua vijana walioambiwa kwamba baba yuko safarini, au anafanya kazi mbali, kumbe alikuwa gerezani. Sasa baadhi ya wafungwa hao wanamaliza vifungo na kurudi. Mzee anaingia uani na mfuko wake wa plastiki, na kijana wa miaka 25 anatakiwa amwite baba na asiulize chochote. Kijana huyo hakutenda kosa lolote, hivyo ana haki ya kuambiwa ukweli nyumbani kwake, na mtu anayewiwa kumwambia ni baba mwenyewe.

Halafu kuna siri ya tatu, ambayo sisi wafanyabiashara wa mpakani ndio mabingwa wake. Hii haina damu ndani yake, ina aibu tu. Nyumba ya pili ng'ambo ya daraja. Mtoto aliyeachwa Ngara au Karagwe na mama asiyetajwa. Deni ambalo mke halijui. Shamba lililoandikwa jina la mtu mwingine. Tunasema, "Haya ni mambo ya wakubwa," kisha tunaendelea kupakia mizigo.

Nilihudhuria msiba mmoja ambao sitausahau. Marehemu alikuwa mtu wa lori, mcheshi, aliyeheshimiwa pande zote mbili za mto. Siku ya tatu ya maombolezo akaingia mwanamke aliyetoka ng'ambo na watoto wawili, na hakuhitaji kusema sana, kwa maana yule mvulana alikuwa na uso wa marehemu mtupu. Mjane alikaa chini. Watoto wa nyumba ile, wakubwa na wenye akili zao, wakajua kwamba wana ndugu mbele ya watu mia moja waliokuwa wakila wali. Yaliyofuata unaweza kuyakisia: ardhi, hati, nani aliandikishwa na nani hakuandikishwa. Tangu sheria ya mwaka 1999 iliyompa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake, mirathi hapa Rwanda hutaka kila mtoto ajulikane. Tangu mashamba yaandikishwe nchi nzima, kila kipande kina jina. Kuficha mtoto leo ni kupanga kesi ambayo watoto wako wataisikiliza wewe ukiwa kaburini. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hiyo niliyaona maneno hayo yakitimia kwenye uwanja wa nyumba.

Kinachonisikitisha zaidi ni jinsi watoto wanavyozipata siri hizi. Hawazipati kwetu. Wanazipata sokoni, kwenye foleni ya mpakani, kwenye basi, kwa mlevi wa jioni. "Wewe si damu ya yule mzee." "Mama yako ulizia alichofanyiwa mwaka ule." Wapo vijana waliozaliwa kutokana na ubakaji wa mwaka 1994, ambao leo ni watu wazima wenye watoto wao, na baadhi yao waliyajua hayo kwa njia ya matusi. Mama alinyamaza ili amkinge mwanawe, na aliyekuja kumwambia alikuwa mtu asiyempenda. Ukweli ni ule ule, lakini ukisemwa na mama huwa na mkono begani, na ukisemwa na adui huwa na kicheko.

Beata Umubyeyi Mairesse, mwandishi mwingine wa Kinyarwanda anayeishi Ufaransa, aliliandika jambo hili katika riwaya yake Tous tes enfants dispersés ya mwaka 2019. Kuna mama wa Butare aliyebaki bila sauti, na binti yake anayerudi kutoka Ufaransa akitafuta pa kuanzia mazungumzo. Binti yangu ndiye aliyenieleza. Nikamuuliza kwa nini waandishi wetu wote wanaandika kuhusu mama wasiosema. Akanijibu, "Baba, ni kwa sababu wote wana mama." Nikacheka. Mama yangu hakucheka.

Ndugu msomaji, sikukusudia kuandika kilichofuata, lakini nimemwomba mama ruhusa naye amenipa. Alisema tu nisiandike majina.

Kwa miaka mingi, kila tulipokwenda Karagwe kuwasalimia ndugu tuliowaacha, mama alikuwa akifika karibu na daraja la Rusumo hujifunika kitenge usoni hadi basi lipite. Nilijua sababu, au nilidhani najua. Mwaka 1994, wakati ule tukiwa bado upande wa Tanzania, mto Akagera ulikuwa ukileta maiti, nasi tuliziona. Nikajiambia, mama anakumbuka hayo. Sikumuuliza. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilipozinduliwa mwaka 2016, nilimtania kwamba sasa hata mto hauonekani vizuri, hana haja ya kujifunika. Hakunijibu, na nikaona ni ukaidi wa uzee.

Jioni moja binti yangu alifika mahali Milan anapomuuliza mama yake habari za nyumbani, na mama anakaa kimya. Kutoka pembeni tukasikia, "Huyo mama msimlaumu." Ungo ukawekwa chini. Kikapita kimya kirefu, kisha akaanza kusema, polepole, kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake.

Walivuka mto mwaka 1961, usiku, kwa mtumbwi, katikati ya mafunjo. Yeye alikuwa na miaka 19. Alikuwa na mtoto mgongoni, mvulana, mzaliwa wake wa kwanza, aliyekuwa na homa tangu siku mbili. Mvua ilinyesha. Walipofika ng'ambo mtoto alikuwa amekwisha kufa, na yeye ndiye wa mwisho kujua, kwa sababu wenzake waliona kichwa kilivyolala wakaogopa kumwambia kabla ya kutoka majini. Walimzika pale pale ukingoni kabla hakujapambazuka, bila jiwe wala alama, kwa kuwa walihofia kufuatwa. Baba akasema jambo hilo lisitajwe tena. Miaka mitatu baadaye nikazaliwa mimi, nikapewa jina la yule mtoto.

Ndugu zangu, nimelibeba jina hilo zaidi ya miaka 60 bila kujua kwamba ni la mtu. Baba yangu amefariki bila kunigusia. Na kuna jambo moja linaniuma kulikiri: nimemwona mama yangu maisha yangu yote kama mtu mwenye moyo mgumu kidogo kwangu. Kaka na dada zangu aliwapakata. Mimi alikuwa akiniangalia kwa mbali. Nilijenga maelezo yangu mwenyewe juu ya jambo hilo, nikayaamini, na wakati mwingine nikamjibu vibaya kwa sababu yake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi sikuwa kata. Nilikuwa mpita njia niliyeutazama mtungi kwa nje na kutoa hukumu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema hata baada ya baba kufariki. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza. Na ningeanzia wapi?"

Jumapili moja tulikwenda, mama, binti yangu na mimi. Tulivuka, tukachukua bajaji, kisha tukatembea kwa miguu hadi ilipowezekana. Mafunjo yamebadilika, mto nao umebadilika, na mama hakuweza kupatambua mahali penyewe. Alizunguka kidogo na fimbo yake, akasema, "Ilikuwa pande hizi." Tukasali hapo. Tuliporudi, darajani alijifunika kitenge chake kama siku zote. Sikumtania tena.

Siwaelezi haya ili mseme riwaya ni dawa. Riwaya haikumponya mama yangu, na sidhani kuna kitu kitakachomrudishia usiku ule. Ninachosema ni kwamba kitabu kilifanya kazi ambayo mimi mwanawe nilishindwa kuifanya. Kilileta swali ndani ya nyumba bila kumnyooshea mtu kidole. Mama aliweza kumtetea Venancia kwanza, kisha ndipo akajitetea mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya hadithi ya mtu mwingine: unaweza kukaa nyuma yake mpaka upate nguvu ya kutoka.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa vijana. Ulizeni, lakini ulizeni kama mtu anayegonga hodi. Akisema karibu, ingieni. Asipojibu, rudini siku nyingine. Msimrekodi mzee kwenye simu bila ruhusa yake, wala msigeuze machozi yake kuwa picha ya kusambaza. Na mkiambiwa jambo, litunzeni. Wakati wa Kwibuka, kuanzia Aprili 7, wazee wengi hukumbuka zaidi, na si kila anayekumbuka anataka kuhojiwa. Wengine wanataka tu mtu wa kukaa naye.

La pili ni kwa sisi watu wazima tunaofanya biashara huku na huku. Kama una mtoto upande wa pili, mtaje ukiwa hai. Kama kuna shamba lenye utata, liseme. Kama ulitenda ubaya, usiwaachie watoto wako kazi ya kuugundua. Utapata aibu, ndiyo, na huenda ukalala sebuleni miezi kadhaa. Lakini aibu hiyo itakuwa yako mwenyewe uliyoichuma, hutakuwa umeirithisha.

La tatu ni kwa wachapishaji na wote wanaoshughulikia vitabu. Jacaranda imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu tuliorudi kutoka Tanzania na Uganda hatuisomi. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na ni lugha ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, na ndiyo tunayopatania bei kila siku. Basi na ipewe kazi kubwa kuliko ya kuuzia vitunguu. Mzee Abdulrazak Gurnah, mwana wa Zanzibar aliyepata Nobeli ya fasihi mwaka 2021, aliandika riwaya yake Paradise mwaka 1994, na Kiswahili chake, Peponi, kilikuja kutoka mwaka 2022. Hiyo ni miaka 28. Tukingoja miaka 28 mingine kwa vitabu vya huku kwetu, wale ambao wangevisikia na kusema, "Huyo mama msimlaumu," watakuwa wamekwisha kwenda, na kila mmoja atakuwa ameondoka na lake.

Binti yangu amerudi shuleni kwake. Kitabu amekiacha mezani, na alama ya ukurasa ikiwa karibu na mwisho, kwa kuwa mama ameagiza tusimalize bila yeye kuwapo. Tunangoja likizo ijayo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mambo ya mchele.